Mamangu na Maswali Yake ya Asubuhi

Juzi stima ilipotea Kiembeni tangu alfajiri, na jirani yangu, ambaye mwanawe ana sare moja tu ya skuli, akatoa pasi ya makaa uvunguni mwa kitanda. Mimi nilikuwa natoka kwenda kazini. Nilipofika usawa wa mlango wake alikuwa ameshalinyunyizia shati maji na kuishusha pasi, na ule mvuke ukanipiga usoni: harufu ya pamba iliyolowa, ya jivu, ya sabuni ya mche na ya chuma kilichoshika moto. Nikasimama pale pale. Jirani akaniuliza kama nimesahau kitu ndani. Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu.

Wenzangu wa rika langu mtaijua harufu hiyo. Kwetu ilikuwa harufu ya kuamkia, kabla ya ile ya chai.

Tulikaa Mikindani, nyuma kidogo ya barabara kuu ya Nairobi, kwenye ploti ya vyumba vinane vilivyotazamana, vinne huku na vinne kule, na uwanja katikati. Baba alikuwa utingo wa malori, na nyumbani alikuja kama mgeni apendwaye, na zawadi mkononi na safari nyengine kichwani. Mama alikuwa Mdigo wa Shika Adabu, kule Likoni, na kazi yake ilikuwa udobi. Meza yake ilisimama chini ya mabati mbele ya ploti, mahali ambapo kila aendaye kazini lazima apite. Ilivikwa blanketi la kijivu lililojaa alama za kuungua, na juu ya blanketi shuka nyeupe aliyoifua kila Ijumaa. Pasi zilikuwa mbili, moja ikifanya kazi na moja ikingoja zamu yake, zote zikilishwa makaa ya vifuu vya nazi, maana Mama alisema moto wa vifuu hauna cheche za kumtia mtu fedheha.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa dobi mwengine. Mtu akija kuchukua nguo yake na kuikuta bado, Mama hakuomba radhi wala hakumsimulia habari za mtaa. Alimuuliza swali. Na swali lenyewe halikuwa la watoto wako wazima au kazi inaendaje. Lilikuwa swali la kumfanya mtu aweke mfuko wake chini.

"Hebu nambie," nakumbuka alimuuliza kijana mmoja wa bandarini. "Wapita kwa mtu, wamkuta anakula, akakwambia karibu. Na wewe waona kabisa sahani ile ni ya mtu mmoja. Je, amekwambia uongo?"

"Si uongo, Mama Saumu. Ni adabu."

"Kwa hivyo adabu yaweza kusema jambo ambalo si kweli?"

Kijana akacheka, akajikuna shingo. Bi Rukia, jirani yetu wa chumba cha kwanza, alikuwa ameketi mlangoni kwake akichambua mchele, na masikio yake hayakuhitaji kualikwa. "Uongo utaujua ukikaa ukala," akasema. "Hapo ndipo utakapomuona uso."

Mzee Charo naye akausimamisha mkokoteni wake. Alikuwa Mgiriama wa Kaloleni, mzee mrefu mwenye vifundo vikubwa vya mikono, aliyeuza maji kwa mitungi tangu sijazaliwa na kukaa chumba cha saba pamoja na binti yake, Dama. "Mimi hukaa nikala tonge moja," akasema. "Nikila moja, yeye hakuwa muongo, nami sikumkatalia karibu yake."

"Na tonge la pili?" Mama akauliza.

"La pili ndilo linalovunja ujirani."

Wakacheka wote. Ndipo Mwalimu Katana, aliyekuwa akingoja shati lake la bluu, alipoinua kidole. Mwalimu Katana ndiye aliyenifunza darasa la nne, na hakuna jambo chini ya jua ambalo hakuwa na jibu lake. "Karibu ni tamko la heshima," akasema. "Tamko la heshima halipimwi kwa ukweli wala uongo. Kama vile salamu." Akachukua shati lake, akaondoka na ushindi. Mimi nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, nikatamani angekuwa mzazi wangu.

Lazima niseme hili ijapokuwa lanitia haya. Niliamini kwamba mamangu ndiye mtu mjinga kuliko wote Mikindani. Ushahidi wangu ulikuwa kamili: aliuliza kila siku, na hakujibu hata siku moja. Watu wengine walijua vitu. Kijana wa bandarini alijua, Bi Rukia alijua, hata Mzee Charo ambaye hakwenda skuli alijua. Mamangu peke yake ndiye aliyekuwa akiomba kuelezwa mambo ya kawaida kabisa, kama vile mgeni huwa mwenyeji siku gani, au kama ukiitikia salamu ya mtu usiyempenda umemdanganya au umemsitiri, au kama mtu aliyefundishwa heshima kwa fimbo ana heshima au ana woga. Baya zaidi, akishajibiwa alisahau. Swali la Jumatatu angeweza kulirudia Jumatano kwa mtu mwengine, kwa sauti ile ile, kana kwamba Jumatatu hakuambiwa kitu.

Wenzangu skuli waliliona. Kulikuwa na msichana aliyekuwa akiigiza sauti yake wakati wa mapumziko: "Hebu nambie, chaki hii ni nyeupe au ni mimi ninayeiona nyeupe?" Darasa zima likacheka. Nami nilicheka, nisijulikane kuwa naumia.

Basi nikaamua kumwokoa. Nilitenga daftari la kurasa thelathini na mbili na kuanza kuyaandika majibu. Kila asubuhi nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa karibu na meza, nikajifanya naandika kazi ya skuli, kumbe nayanasa majibu ya Mwalimu Katana. Mama hakujua kusoma, kwa hivyo jioni nilimsomea huku akikunja nguo. "Mama, lile la mgeni: mgeni huwa mwenyeji akishakaa mwaka mmoja na kulipa kodi. Mwalimu kasema."

"Ahsante mwanangu," alisema. "Na wewe waonaje?"

"Mimi sioni. Mwalimu kashasema."

"Haya."

Na kesho yake, wallahi, nilimsikia akimuuliza muuza mikate ya boflo: "Hebu nambie, mgeni huwa mwenyeji siku gani?" Nililifunga daftari nikaingia ndani kulia. Nilidhani ni ugonjwa.

Mwaka ule Bi Rukia alikuwa akimwoza binti yake wa pekee, Zuhura. Posa ilikwishapokelewa, siku ikawekwa, Jumamosi baada ya adhuhuri, na kadi zikapelekwa hadi Lamu walikokuwa wakwe. Zuhura alikuwa amewekwa ndani kama desturi ya mwari, hatoki wala haonekani, na sisi watoto tulikuwa tukipita chini ya dirisha lake kunusa udi na liwa. Uwanja wetu ulifagiliwa mara mbili kwa siku. Ilikuwa arusi ya Bi Rukia lakini ploti nzima ilitembea kwa kujidai.

Jumatano ya wiki hiyo, Mzee Charo akafariki. Alilalamika kifua asubuhi, wakampeleka hospitali, na adhuhuri Dama akarudi peke yake, viatu mkononi. Sikumbuki aliyosema. Nakumbuka alivyoukalia mkokoteni wa babake, na jinsi Bi Rukia alivyotoka mbio na mikono imejaa unga, akamkumbatia, na unga ule ukabaki mgongoni mwa Dama siku nzima bila ya mtu kuthubutu kuupangusa.

Siku hiyo Dama na Bi Rukia walikuwa ndugu. Siku ya pili yake, Alhamisi, wakawa maadui.

Ilikuwa alasiri. Vijana wawili walikuja na gari wakaanza kuteremsha vyuma vya tenti ya arusi katikati ya uwanja. Hawajamaliza, wakaingia kaka zake Dama wawili kutoka Kaloleni na mabenchi ya kanisani kichwani. Wakayaweka pale pale. Kijana wa tenti akasema kaka, hapa pana shughuli. Kaka mtu akajibu kwamba anajua pana shughuli, ndiyo maana ameleta mabenchi.

Bi Rukia akatoka. "Dama, mwanangu, nini hii?"

"Baba ataletwa Jumamosi asubuhi," Dama akasema. "Atapita mlangoni kwake, aombewe, kisha tumpeleke nyumbani tukamzike. Ameishi hapa miaka yake yote ya mjini. Siwezi kumtoa mochari nikampeleka Kaloleni kama mzigo."

"Jumamosi hii?"

"Kaburi linachimbwa kesho. Wazee wamekwisha kuitwa."

"Jumamosi hii ndiyo arusi ya Zuhura."

"Najua, Bi Rukia. Kifo hakikuniuliza tarehe."

Mpaka hapo walikuwa wakisemezana kwa upole. Lakini watu walikwisha kukusanyika, na mbele ya watu upole huisha haraka. Nduguye Bi Rukia mmoja akasema jeneza kupita kwenye arusi ni nuksi, bibi arusi ataishi na kilio. Kaka mtu akauliza, maiti ya babake imekuwa nuksi tangu lini, na maji aliyowatekea hayakuwa nuksi? Mwengine akataja dini. Mwengine akajibu. Nikaona wanawake waliokuwa wakiazimana chumvi kila siku wakisogea, hawa upande huu, wale upande ule, na mstari ukawa katikati ya uwanja bila ya mtu kuuchora.

Mwalimu Katana alikuwa amekuja kuchukua suruali. Watu wakamshika: mwalimu, amua wewe. Moyo wangu ukatulia, maana sasa jibu lingepatikana. Akainua kidole akasema kwamba kwa desturi za watu wote, furaha humpisha msiba, kwa hivyo arusi isogezwe. Upande wa Bi Rukia ukalipuka. Wakwe wameshafunga safari kutoka Lamu, isogezwe wapi? Mwalimu akafikiri, akasema basi, kwa kuwa arusi ilitangulia kupangwa, yafaa jeneza lipite barabarani bila ya kuingia. Upande wa Dama nao ukalipuka. Kidole cha mwalimu kikabaki juu peke yake, kisha kikashuka polepole. Sikuwa nimewahi kukiona kikishuka vile.

"Sikiza, Dama," Bi Rukia akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Ukiingiza sanduku uwanjani siku ya mwanangu, mimi na wewe basi."

"Basi na iwe basi," Dama akasema.

 Lori likapita barabarani na mabati yakatetemeka. Ndipo mtu, sijui nani, akasema: "Mama Saumu, na wewe wasemaje? Wewe ni mtu wa wote."

Mamangu alikuwa mezani, pasi mkononi. Nilitamani asifungue kinywa. Nilijua atafanya nini, na nikamwomba Mungu kwa nguvu zangu zote kwamba leo, leo tu, mbele ya mwalimu na watu wa kanisa na nduguze Bi Rukia, mamangu ajue kitu.

Aliiweka pasi juu ya kigae chake. Akageuka kwenye rafu ya nguo, akapekua, akatoa shati jeupe la mikono mirefu lililokunjwa, limefuliwa lakini halijapigwa pasi. Akalikunjua akalishika kwa mabega, watu walione.

"Hili ni la Mzee Charo," akasema. "Aliniletea Jumatatu. Akanambia, Mama Saumu, hili la Jumamosi, lipige vizuri, nisije nikakaa kwenye arusi ya Zuhura kama mtu aliyeokotwa njiani." Akalikung'uta shati. "Sasa mimi sijui. Niambieni nyinyi. Nilipige pasi la arusi au la maziko?"

Nikajificha nyuma ya ndoo. Watu wanataka kupigana, na mamangu anauliza habari za pasi! Nilifumba macho nikangojea kicheko, kile kicheko cha darasani. Hakikuja. Nikafumbua jicho moja.

Bi Rukia alikuwa amekaa chini, kwenye mchanga, yeye na leso yake nzuri. "La arusi," akasema kwa sauti ndogo. "Kadi yake niliipeleka kwa mkono wangu mwenyewe. Nikamwambia utakaa mbele, Mzee Charo, pamoja na wajomba." Akajifuta uso kwa ncha ya leso. "Mwajua usiku niliposhikwa na uchungu wa Zuhura, hapakuwa na gari. Mume wangu yuko safarini. Nani aliyenipeleka kliniki? Yule mzee alimwaga maji yake yote, mitungi yote, akanilaza juu ya mkokoteni. Kila tuta la barabara alikuwa akisema, pole mwanangu, pole mwanangu. Zuhura alikaribia kuzaliwa juu ya mkokoteni ule."

Wengi wetu hatukuwa tunalijua hilo. Nduguye aliyesema nuksi akatazama miguu yake.

Mama akamgeukia Dama. "Na wewe waonaje?"

Dama alikuwa akilia sasa, mara ya kwanza tangu Jumatano. "Alilinunua kwa ajili ya arusi," akasema. "Tangu mwezi uliopita alikuwa akilijaribu mbele ya kioo. Mimi nilikuwa nimelisahau. Nilikuwa nataka kumvalisha lile la kanisani." Akavuta pumzi. "Bi Rukia, azikwe nalo. Ni la arusi na ni la maziko."

"Basi apite," Bi Rukia akasema. "Apite, mwanangu. Mzee amealikwa, nani atamzuia?"

Wakati huo ikatoka sauti ambayo hatukuitazamia. Ilitoka dirishani, nyuma ya pazia, na ilikuwa ya mwari, ambaye kwa desturi hakutakiwa hata kusikika.

"Mama, nitatoka kumuaga."

Wanawake wakashika vinywa. "Zuhura!" nduguye Bi Rukia akasema. "Hujatolewa!"

"Mimi nimeanza kutoka nyumbani kwetu juu ya mkokoteni wake, mjomba. Nitavaa buibui langu. Nitamuaga."

Bi Rukia akalitazama dirisha, kisha akacheka huku machozi yakimtoka. "Msikieni," akasema. "Waniuliza au waniambia?"

Mambo yaliyobaki yalipangwa na watu wenyewe pale pale, kwa haraka ya kushangaza. Vijana wa tenti na kaka zake Dama wakasimamisha vyuma pamoja. Mabenchi ya kanisa yakaingizwa chini ya tenti ya arusi, yakae hapo hapo, asubuhi yakaliwe na waombolezaji na mchana na waalikwa. Mpishi wa Bi Rukia akaambiwa azidishe mahamri na mbaazi, maana hakuna atakayepanda basi la Kaloleni na njaa.

Jua likiteremka, Mwalimu Katana akaja mezani. Alikuwa amesahau suruali yake. Akasimama kitambo akiitazama pasi ikienda na kurudi.

"Mama Saumu," akasema, "ulijuaje kuwa swali lile litawaunganisha?"

Mama akamtazama kwa mshangao wa kweli. "Nilijua nini, mwalimu? Shati nililikuta kwenye rafu, sikujua nilifanyeje. Ningejua, ningeuliza?"

Mwalimu akafikiri. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuinua kidole. "Na hayo mengine ya kila asubuhi? Ya karibu na ya mgeni?"

"Hayo pia sijui."

"Lakini hujibiwa."

"Hujibiwa, na jibu huwa zuri. Kisha aja mwengine ana jibu jengine, nalo zuri pia." Akaitikisa pasi, jivu likaanguka. "Kila mtu ana lake analolijua, mwalimu. Nisipouliza nitalipata wapi?"

Nilikuwa nyuma ya ndoo, na daftari langu mapajani. Kumbe mamangu kweli alikuwa hajui. Katika hilo sikukosea. Nilikosea kwa kudhani ni aibu. Watu wote wakubwa uwanjani pale walikuwa wakijua, kila upande ulijua kabisa, na kujua kwao kulikuwa kunawapeleka kupigana. Mtu mmoja tu ndiye aliyekubali kusema mbele ya wote kwamba hajui, na wote wakaweza kukaa chini. Sikuyafikiria kwa maneno haya, nilikuwa mtoto wa darasa la nne. Nilichofanya ni kuliacha daftari lile chini, nikamwendea, nikamuuliza: "Mama, pasi hiyo yakuunguza?" Lilikuwa swali la kijinga, lakini lilikuwa langu la kwanza. Akanionyesha alama zote za mkononi, moja moja, akanambia kila moja ilitokana na shati la nani.

Ijumaa alifanya kazi kutwa. Aliyapiga pasi makanzu ya wajomba, na magauni, na leso mpya za arusi, na kati yao shati la Mzee Charo. Nililinyunyizia maji mimi. Alilipiga kola mara tatu, na vifungo akavizunguka kwa ncha ya pasi, taratibu, kama vile mwenyewe atasimama kuja kulikagua.

Jumamosi asubuhi jeneza likaletwa. Likawekwa chini ya tenti yenye vitambaa vya dhahabu, mbele kabisa, pale pale alipoambiwa atakaa. Kwaya ya kanisa ikaimba kwa Kigiriama, na kina mama wa upande wa Bi Rukia, leso vichwani, wakasimama nyuma ya mabenchi, mikono kifuani. Kifuniko kikafunguliwa sehemu ya uso. Kola ilikuwa imesimama sawasawa.

Mlango wa chumba cha kwanza ukafunguka. Zuhura akatoka, amejisitiri kwa buibui jeusi, mikono tu ndiyo iliyoonekana, na hina yake ilikuwa mbichi nyekundu. Watu wakampisha njia. Akatembea hadi penye jeneza, akainama.

"Shikamoo, Babu," akasema.

Salamu ile ikabaki hewani. Hakuna aliyejua lililofaa kufuata. Nilimwona mchungaji akimtazama Bi Rukia, na Bi Rukia akimtazama Mama, na Mama, kama kawaida yake, hajui.

Dama akasogea akasimama upande wa kichwa cha babake. "Marahaba, mjukuu wangu," akasema, kwa sauti iliyofika mpaka barabarani. "Nenda. Kaolewe. Uwe na nyumba yenye maji."

Basi hapo hakuna aliyebaki na macho makavu, na bado hakikuwa kilio cha huzuni peke yake. Mahamri yakagawiwa. Watu wa Kaloleni wakala kwa mikono miwili. Jeneza likapandishwa garini na kaka wawili upande mmoja na wajomba wa bibi arusi upande mwengine. Dama alikuwa wa mwisho kupanda. Akaweka mguu kwenye ngazi ya basi, akasita, akageuka. Akamtazama Zuhura aliyesimama mlangoni. Kisha yule mfiwa, macho yamevimba, leso ya msiba kiunoni, akarusha kichwa nyuma akapiga kigelegele.

Kilikuwa kirefu, kikali, kimenyooka. Kikapokelewa na shangazi zake ndani ya basi, kisha na kina mama wa Bi Rukia, kisha na ploti nzima, na madereva wa malori barabarani, bila ya kujua ni nini, wakapiga honi. Basi likaondoka katikati ya kelele zile kama gari la arusi.

Vumbi halijatulia, wakwe wa Lamu wakawasili. Wakakuta mabenchi ya kanisa chini ya tenti ya dhahabu, wanawake wanalia na kupiga vigelegele kwa pamoja, na mchungaji, kabla ya kulifuata basi kwa gari lake, akipeana mikono na wajomba wa bibi arusi. Mama mmoja wa makamo, amejifukiza udi, akasimama akizungusha macho. Akaniona mimi karibu.

"Mwanangu," akasema, "kumetokea nini hapa? Nani aliyeyapanga haya?"

"Abee," nikaitika kama nilivyofundishwa. Kisha nikapanda juu ya benchi. Mwalimu Katana alikuwa pale, na yule msichana wa darasani aliyekuwa akiigiza sauti alikuwa pale na nyanyake, na nilitaka wote wasikie, hata walioko barabarani.

"Ni mamangu!" nikapaza sauti, nikimwonyesha kwa kidole changu chote. "Yule pale, mwenye pasi! Hakuna aliyejua la kufanya. Mamangu ndiye aliyeuliza!"